Rezista Mbili Nilizozitoa

Garissa,
Alhamisi, baada ya alasiri

Wakesho mwanangu,

Natumaini barua hii itakufikia salama, maana safari yake si ndefu: kutoka meza ya karakana hadi mlango wa chumba chako ni hatua kumi na nne. Nimezipiga leo mara tatu, nikienda na kurudi bila kusema neno, na mara ya tatu mama yako akaniuliza nimepoteza nini. Nikamwambia natafuta bisibisi. Bisibisi ilikuwa mfukoni.

Ya nguo, ya maji ya kunywa njiani, ya kutopokea chakula kwa mtu usiyemjua, ya kukaa upande usio na jua na kutoshuka basi likisimama kungoja askari wa kulisindikiza, yote hayo mama yako amekwisha kuyasema, na ukimpa nafasi atayasema tena kesho asubuhi mbele ya abiria wote. Simwingilii. Mimi nina moja tu, na afadhali niliseme hapa juu kabla sijaanza kuzungukazunguka kama ninavyozoea. Ile redio uliyoipeleka kwenye mashindano ya sayansi mwaka juzi haikunyamaza kwa kosa lako. Niliigusa. Ulipokuwa shuleni, bila kukuuliza, niliifungua, nikaibadilisha filta yako, nikaifunga tena. Ilikufa ukumbini kwa sababu yangu, na mimi nilikuwa nimesimama nyuma karibu na mlango, nikijua.

Wewe uliondoka pale ukiamini kwamba mkono wako hauna bahati na nyaya. Hayo ni maneno yako, uliyasema ukivua viatu. Na kwa kuwa uliyaamini, Jumatatu unakwenda kuanza masomo ya ukatibu, na barua ya chuo cha ufundi inayokuita kusomea elektroniki umeikunja ukaificha ndani ya kamusi. Chuo hicho kinapokea wanafunzi Jumanne. Vyuo vyote viwili viko Nairobi, na basi la kesho ni lile lile. Ndiyo maana siwezi kukuacha uende hivi hivi.

Usidhani naandika nikilia. Nina furaha kubwa leo. Mama yako anaimba jikoni wimbo wa kwao Wundanyi, kuna upepo unatoka upande wa mtoni, na binti yangu ameitwa na vyuo viwili wakati mimi niliitwa na kimoja, tena kwa kuchelewa. Ila ndani ya furaha hii kuna kitu kinanichoma, na nimechoka kukikalia.

Sasa niruhusu nizunguke kidogo.

Unanijua nilivyo. Skrubu zangu zinakaa kwenye vizibo vya soda, kubwa na kubwa, ndogo na ndogo. Mtu akiniletea redio inayokwaruza, chai yangu inapoa mpaka nijue mkwaruzo unatoka wapi. Tulipoletwa hapa, mimi fundi wa redio wa serikali na wewe mgongoni mwa mama yako hujaota hata jino, niliambiwa nitakaa miezi sita. Sasa ni mwaka wa kumi na nane. Nimezoea joto, nimezoea vumbi, hata chai ya maziwa ya ngamia siku hizi naidai mwenyewe. Kelele tu ndiyo sijaizoea. Na kwenye redio za masafa ya mbali kelele ndiyo iliyojaa: miluzi, milio ya telegrafu, watu wa nchi nyingine wakigombana kwa lugha usiyoijua, na katikati ya hayo yote sauti moja unayoitafuta.

Ulikuwa darasa la saba Abdirahman, yule mwenye ofisi ya taar karibu na soko, alipokuja kuniona kwa ajili ya harusi. Taar yake unaikumbuka: chumba kimoja, redio moja, mkeka, na watu wamekaa wakingoja jina lao liitwe ili waongee na ndugu aliye Wajir au Mandera au ng'ambo ya mpaka. Halima, binti wa kaka yake, alikuwa anaolewa hapa mjini. Baba yake Halima, Mzee Gedi, alikuwa huko Eldas na ngamia wake, na mvua ilikuwa imeikata barabara. Sheikh alikubali kwamba baba atoe ruhusa yake kwa redio, mbele ya mashahidi, halafu ndoa ifungwe.

"Fundi," Abdirahman akaniambia, "ndugu yangu tasema mara moja tu. Hii kelele yote ondoa. Mimi nataka sauti yake safi, fizuri kabisa, kama maji ya jerikeni mbya."

Nilifurahi, nisikufiche. Katika miaka yangu yote hapakuwa na mtu aliyewahi kuniomba kitu nilichokitaka mwenyewe namna hiyo. Nikajifungia karakana siku tatu kutengeneza filta ya kuweka kati ya redio na spika.

Nakuandikia mambo unayoyajua, nivumilie, nataka uone nilivyokuwa nawaza. Filta ni chujio. Inaziachia sauti za katikati zipite, nzito mno zinabaki nje na nyembamba mno zinabaki nje. Swali lote ni uufungue mlango kiasi gani. Ukiufungua sana, wezi wanaingia pamoja na wageni. Nilichukua koili za simu kuukuu, nikachagua kapasita moja moja, na ya kwanza niliyoitengeneza ilikuwa ya kawaida, ilipitisha sauti ya mtu na mluzi kidogo. Mluzi ule ukaninyima raha. Nikabana. Ukapungua. Nikabana tena. Siku ya tatu, hapa mezani, kelele ilikwisha kabisa, kimya cha kukufanya uligonge sanduku kuona kama bado linafanya kazi.

Kubana kuna gharama yake, na gharama niliisikia kwa masikio yangu haya. Uzito wa kifua cha mtu ulikuwa umekwenda. Herufi kama *s* na *f* na *t* zilikuwa zimekwenda. Na kila neno liliacha mlio nyuma yake, maana koili zilizobanwa hivyo haziachi kutikisika mara moja, zinaendelea kuvuma baada ya mtu kunyamaza. Ilikuwa mtu anaongea ndani ya pipa. Nikajiambia maneno yanaeleweka, yatosha.

Siku yenyewe, wewe ulikuwa uani na wasichana wenzako mkingoja pilau. Mimi nilikuwa ndani, nimevaa shati langu la harusi, nimejikalisha karibu na redio kama mwenye shughuli. Bwana harusi kanzu imemgandia mgongoni kwa jasho. Halima nyuma ya pazia na mama zake. Saa ikafika, Eldas ikaita, nikawasha filta yangu. Hakuna kelele. Watu wakanitazama kwa heshima, na mimi nikatazama dari.

Mzee Gedi akasema maneno yake yote kwa Kisomali, neno kwa neno kama sheikh alivyotaka. Yakaeleweka yote.

Sheikh akamgeukia Abdirahman. "Ni ndugu yako?"

Abdirahman akasogeza sikio mpaka likagusa spika. Akamwomba ndugu yake arudie. Akarudia. Akamwomba tena. Akarudia. Abdirahman akainuka, uso wake umebadilika. "Wallahi, maneno ni ya ndugu yangu," akasema. "Sauti habana yake. Huyu mtu mimi sijui."

Sheikh akafunga daftari lake taratibu. Akasema hana ugomvi na mtu, lakini baba wa msichana lazima ajulikane, na kama hajulikani kwa redio basi wangoje barabara ifunguke. Mvua ile ingeweza kuchukua mwezi. Wajomba wa bwana harusi wakaanza kutazamana. Nyuma ya pazia Halima akaanza kulia, na kilio chake hakikuhitaji spika.

Mwanangu, sijawahi kuona aibu kama ile. Nilikuwa nimeusafisha mlango mpaka baba mwenyewe ameshindwa kuingia. Nikapiga magoti, nikang'oa nyaya mbili, nikaunganisha spika moja kwa moja na redio. Kelele zote zikarudi kwa pamoja: mluzi, telegrafu, mtu wa Wajir akitafuta tairi la pikapu. Wazee wakaziba masikio. Halafu chini ya zogo hilo akakohoa mtu. Kikohozi tu, kizito, cha mvuta tumbaku. Kisha, "Abdirahman, ma i maqashaa?" Anauliza kama anasikika.

"Waa isaga," Abdirahman akasema, ameshika kichwa kwa mikono miwili. "Ni yeye. Huyo ndiye yeye."

Hata sheikh alicheka. Ruhusa ikatolewa mara ya nne, kwa zogo, na ndoa ikafungwa, na leo Halima ana watoto watatu. Abdirahman alinisindikiza mpaka nje, akanishika bega. "Fundi," akasema, "wewe naosha ndugu yangu mbaka ngozi yake natoka." Mpaka leo tukikutana sokoni ananiuliza nimemwosha nani wiki hii.

Nilikisimulia kisa hicho kwa kila mteja. Nilikuwa najicheka mbele za watu na wanakuja kukisikia kutoka mitaa mingine, na nikaamini kwamba mtu anayejicheka hivyo amekwisha kujifunza. Mama yako ndiye hakuamini. Jioni ya harusi ile ile, tukirudi nyumbani, aliniuliza, "Na mimi utanisikia lini?" Nikamwuliza kuhusu nini. Akasema kwa miezi minane amekuwa akiniambia anataka kurudi kufundisha. Wallahi, kama wasemavyo jirani zetu, nilikuwa sijalisikia hilo hata siku moja. Kila alipoanza kuongea alianza na joto la Garissa, na mimi nilikuwa nimeamua kwamba joto ni manung'uniko, na manung'uniko hayapiti kwangu. Kumbe nyuma ya joto kulikuwa na kazi anayoitaka. Alirudi darasani muhula uliofuata, na unaona alivyonawiri.

Kwa hiyo nilionywa mara mbili kwa siku moja. Na bado nikaja kukufanyia wewe.

Ulikuwa kidato cha tatu. Wazo ulilitoa kijijini Hadado, siku ile mama yako alipokwenda kuona shule na ukafuatana naye. Ulirudi ukanisimulia juu ya wanawake kisimani wenye redio ambayo watoto wamechezea kitufe mpaka kituo kimepotea, na tangazo la chanjo ya mbuzi likawapita. Ukasema utatengeneza redio isiyo na kitufe cha kutafuta. Swichi moja tu, kuwasha na kuzima, na ndani filta iliyofungwa kwenye kituo kimoja, kile cha taarifa za Kisomali. Niliposikia hivyo nilienda nje kidogo. Nilikwambia nakwenda kuangalia mbuzi wa jirani, lakini nilikwenda kufuta macho. Hilo nalo sikuwahi kukwambia.

Ulifanya kazi wiki sita. Uliokota koili kwenye mifupa ya redio zangu, ukazipanga mbili zikitazamana, ya kwanza ikiipasia ya pili. Umbali kati yao uliuwekea alama ya rangi nyekundu ya kucha ya mama yako. Na kwenye kila koili ukaweka rezista moja pembeni, kuipunguza ukali. Ukaniletea nisikilize. Mtangazaji akasikika vizuri, na chini yake, mbali kabisa, kituo cha jirani kikinong'ona.

"Huyu anayenong'ona ni nani?" nikakuuliza.

"Kituo cha pili, Baba. Kiko karibu sana na chetu."

"Mtoe."

"Nikimtoa yeye, mchana nitampoteza na mwenye nyumba. Nimejaribu. Niliiweka juani kwenye karai saa nane. Koili zikipata moto zinahama. Nimeacha mlango wazi kidogo ili hata zikihama, kituo chetu kibaki ndani."

Hebu lisome tena jibu lako, Wakesho. Nimelikumbuka neno kwa neno kwa sababu limenifuata miaka miwili. Ulikuwa umeona kila kitu: kwamba ukali unalipiwa, kwamba filta nyembamba inataka dunia isiyobadilika, na kwamba Garissa saa sita si Garissa saa tisa. Ulikuwa umechagua kelele kidogo unayoijua ili usipoteze kitu unachokitaka. Mafundi wazima, niliosoma nao, hawakuwa na akili ya kuweka kazi yao juani kwenye karai. Mimi sikuwa nayo. Ningepaswa kukushika mkono. Badala yake nilisema mlango wazi ni uvivu wa fundi, nikarudi kwenye chai yangu. Wewe ukaifunga redio yako na skrubu nne.

Siku moja kabla ya mashindano ulikwenda shuleni kuandika maelezo yako kwenye karatasi kubwa. Ilikuwa asubuhi na mapema, karakana bado ina baridi. Redio ilikuwa pale kwenye rafu. Nikaiwasha. Jirani akanong'ona. Nilivumilia kama dakika tano, na kwa mtu kama mimi dakika tano ni nyingi. Nikazitoa rezista zako mbili. Nikazisogeza koili mbali kidogo, unene wa kijiti cha kiberiti kupita alama yako nyekundu. Jirani akatoweka. Mtangazaji akabaki peke yake, kimya pande zote, na mimi nikakaa nikimsikiliza robo saa nzima nikitabasamu. Nilijiambia nimekusaidia. Nilijiambia hutajua, na ukishinda utafurahi, na ndani kabisa, mahali ambapo sitaki uangalie sana, nilitaka kitakachoshinda kiwe kimepitia mkononi mwangu.

Ukumbi ule una paa la mabati, unaukumbuka. Zamu yako ilifika saa tisa. Ulieleza vizuri kuliko wote, wale waamuzi watatu walikuwa wanaandika hawainui vichwa. Ukabonyeza swichi. Mtangazaji akaja, akafifia, akazama. Ukabaki mvumo mtupu. Hapo hapo nikajua. Koili zilikuwa zimepata moto na kuhama, na mlango ambao wewe uliuacha wazi mimi nilikuwa nimeufunga.

Uliizima ukaiwasha. Ukaweka kiganja juu ya sanduku, ukasikia joto lake, ukakunja uso. Mwamuzi mwenye miwani akasema kwa upole, "Binti, wazo ni zuri sana. Ila sisi tunapima kifaa, na kifaa hakifanyi kazi." Ukageuka ukanitafuta kwa macho. Mimi nikatazama viatu vyangu.

Ingetosha kunyanyua mkono. Ingetosha kusema, mheshimiwa, mimi ni baba yake na nimeiharibu. Lakini wawili kati ya waamuzi wale huleta redio zao kwangu, na nilijali wataniona fundi wa namna gani. Niliipima aibu yangu na yako, nikakuachia wewe ubebe. Jioni uliposema mkono wako hauna bahati na nyaya, nilikujibu, "Si kitu." Siku ya pili nilisema nitakwambia Jumapili. Jumapili ikapita. Baada ya mwezi nikaona umesahau, kumbe umeisukuma redio chini ya kitanda. Fomu za vyuo zilipokuja ukajaza ukatibu kwanza, na elektroniki ukaijaza chini, kwa penseli, nami nikasema moyoni kwamba ukatibu ni kazi nzuri, ya kivulini, haichomi vidole.

Na kweli ni kazi nzuri. Usinielewe vibaya hapa, maana sitaki kukubana mara ya pili. Kama unautaka ukatibu, nenda, nami nitajigamba sokoni kwamba binti yangu anapiga chapa haraka kuliko watu wanavyosema. Ninachokataa ni wewe kuuendea kwa kukimbia kosa ambalo si lako. Jumatatu utatoka nyumbani kwa shangazi yako, huko Nairobi, na kwenda, au utangoja Jumanne. Shangazi nimemwandikia kwamba asikuulize. Mimi pia sitauliza. Utaniambia ukipenda, kwa simu ya kwa jirani au kwa barua, na ukianza na habari ya joto au ya foleni au ya chakula kibaya nitasikiliza mpaka mwisho, kwa sababu sasa najua habari yenyewe huwa inakuja nyuma.

Sikupi wosia wa namna ya kuishi na watu. Nitakwambia tu ninachofanya mimi siku hizi, na si kila siku nafanikiwa. Mtu akiniambia kitu nami nikahisi nimemwelewa upesi sana, namwomba arudie. Mama yako anasema imekuwa kero. Na mteja akiniletea redio inayonong'ona kidogo, namwuliza kama inamsumbua yeye kabla sijachukua bisibisi.

Nimefikiria niiweke barua hii kwenye begi lako uikute Nairobi. Ingenifaa mimi sana. Ungeisoma mbali, ungelia au ungekasirika mbali, na mimi ningekuwa hapa na vizibo vyangu. Kwa hiyo sitafanya hivyo. Nitaisukuma chini ya mlango wako kabla ya magharibi, halafu nitakaa kibarazani. Ukiwa na la kunitolea usoni, njoo unitolee. Nakupenda, Wakesho, na ninaona fahari juu yako mpaka inaniuma, na nisamehe. Neno hilo la mwisho limenichukua miaka miwili na kurasa hizi zote.

Limebaki la jana. Jana asubuhi, ulipokwenda kuaga rafiki zako, niliitoa redio yako chini ya kitanda. Nikazirudisha rezista zako mbili, hizo hizo, nilikuwa nimezihifadhi kwenye kizibo cha peke yake. Nikazisogeza koili mpaka kwenye alama nyekundu. Saa nane nikaiweka kwenye karai, juani, katikati ya uwanja, na majirani wakaniangalia kama nimepungukiwa. Saa tisa sanduku lilikuwa la moto sikuweza kulishika bila kitambaa. Nikabonyeza swichi.

Mtangazaji akaja na akakaa. Alisoma habari za mvua, akasoma za mifugo, akasoma salamu zote mpaka mwisho, na jirani chini yake akinong'ona wala hamsumbui mtu. Wewe ulikuwa umesharudi, uko chumbani unakunja nguo, na ukapaza sauti dirishani: "Baba, ni redio ya nani hiyo inashika vizuri hivyo?"

Nikakujibu ni ya mteja.

Haikuwa ya mteja, mwanangu. Ilikuwa yako.

Baba yako,
Mwakio